Sura Yako Baada ya Mbuzi

Mpendwa Shangazi,

Natumaini barua hii itakukuta umetoka kazini, umeketi na kuvua viatu. Sikuifunga bahasha. Dada anayekuletea kutoka huku Kivaa anaweza kuisoma akitaka, na wewe ukipenda uwasomee wanawake unaoshona nao kiwandani huko Athi River. Kosa langu lilitazamwa na watu wengi, kwa hiyo sioni haki ya kulikiri kwa siri.

Nianze na siku uliyocheka mpaka ukashika ukuta. Nilikuwa darasa la saba. Ulikuja Matuu mwisho wa mwezi kama kawaida yako, ukapita kwanza kwenye chumba cha Baba sokoni, chenye TV moja, deki mbili za video na kanda zilizopangwa mpaka karibu na dari. Baba alikuwa amenirekodi nikitazama ukuta, sicheki wala sinuni. Alikuonyesha uso wangu, kisha sahani ya chapati. Ukasema, "Huyu mtoto ako na njaa. Kwani mnampa nini hapa?" Akakuonyesha uso wangu tena, safari hii ukifuatwa na kaburi la Babu. Ukanigeukia ukaniambia pole. Hapo ndipo alipokuambia kwamba uso ulikuwa mmoja, kipande kilekile alichokirudia. Ulimpiga begani ukamwita mwongo, kisha ukavuta stuli ukamwambia aanze upya.

Unajua mambo hayo aliyapata wapi. Ujanani alifanya kazi kwenye gari la sinema lililozunguka masoko ya Yatta likionyesha filamu ukutani. Siku hiyo alitueleza kazi ya waongozaji wa filamu kama mtu anayesimulia habari za jamaa zake. Mtu anapanda mahindi. Picha inayofuata, mahindi yamefika magotini. Inayofuata, gunia limeshonwa mdomo, na wewe unaamini msimu mzima umepita ingawa chai yako haijapoa. Au mama anafunga mlango, halafu tunamwona mwanawe akiwa mbali amekaa kitandani, na unajua wanawazana ingawa hakuna aliyesema neno. Mwalimu wetu wa klabu ya drama huiita montaji. Baba hakuwa na jina lake. Alisema tu kwamba picha mbili zikigusana, mtazamaji hujaza mwenyewe kilicho katikati, na hakuna wa kumzuia, kwa hiyo hapo ndipo pa kuogopa. Nilishika kila alichosema siku hiyo isipokuwa hilo la kuogopa.

Kisha ikaja ntheo ya binti yako Mwende. Watu wa Kivaa walileta mbuzi watatu, na sote tulijua kwamba wakishapokewa, Mwende ni mke wa watu. Nilikuwa kidato cha kwanza, likizo ya Agosti, na kazi yangu ilikuwa kubeba betri za kamera. Mbuzi wawili waliingia vizuri. Wa tatu alilala langoni akakataa kuamka. Mjomba wa bwana harusi akasema, "Huyu amechoka, ametoka Kivaa kwa miguu," na watu wa pande zote mbili wakacheka pamoja. Ilikuwa siku njema, Shangazi. Nataka ujue kwamba naikumbuka hivyo.

Wiki iliyofuata Baba aliitwa kurekodi mazishi Masinga, na wakwe walikuwa wanakuja Jumamosi kuchukua kanda yao. Aliniachia mimi kuunganisha. Aliniandikia mpangilio kwenye karatasi, kitu gani kianze na gani kifuate, nami nikaufuata mpaka nilipofika kwa mbuzi wa tatu. Picha iliyokuwa baada yake ilikuwa inatetemeka vibaya. Niliona itaaibisha kazi yetu, nikaiacha, nikatafuta nyingine ya kuziba nafasi. Kwenye kanda ya asubuhi nikakuta uso wako jikoni. Kuni zilikuwa mbichi na moshi ulikuwa umekuingia. Macho umeyafinya, midomo umeivuta, umegeuka pembeni. Nikauweka uso huo baada ya mbuzi aliyelala. Nilirudisha nyuma nikatazama, nikacheka peke yangu mle chumbani. Nilijiona nimekuwa mwongozaji kweli.

Baba aliporudi kanda ilikuwa imeshaenda.

Waliitazama hapa Kivaa, kwenye duka lenye TV, watu wamejaa mpaka nje. Mwende ndiye aliyenieleza, baadaye sana. Walipofika kwenye uso wako duka zima liliangua kicheko. Mama mkwe wake hakucheka. Alisema, "Kumbe mama Mwende alikuwa anangoja ng'ombe." Maneno hayo yakawa utani wa sokoni. Mwende akipita anaulizwa kama ng'ombe wa mamake wamefika. Alijaribu kuwaambia ulikuwa moshi, lakini wao walikuwa wameona kwa macho yao.

Wewe hukujua lolote mpaka alipozaliwa mtoto wa kwanza. Siku ya tatu, siku ambayo wanawake hukutana kumpa mtoto jina, ulifika na uji wa wimbi na nguo ndogo uliyoshona mwenyewe. Ukakuta jina limeshatolewa asubuhi. Walikupa kiti, wakakupa chai, wakaongea nawe habari za mvua. Hakuna aliyekutukana, na nadhani hilo ndilo lililokuumiza zaidi.

Mwende alipokusindikiza alikueleza habari ya kanda, ukaja moja kwa moja kwa Baba. Nakala ya kanda ile ilikuwepo, akaiweka, mkatazama pamoja mmesimama. Mimi nilikuwa mlangoni na birika la chai. Baba alipoona uso wako baada ya mbuzi, aliacha kutazama TV akanitazama mimi. Haikuchukua muda. Kisha akakuambia, "Ni mimi, dada. Nilitaka watu wacheke."

Ulimjibu kwa sauti ya chini, "Umeniona tangu tukiwa watoto. Na katika nyuso zangu zote, ukachagua hiyo?"

Ulikwenda zako. Nami nilikuwa nimenyamaza, na nimenyamaza tangu siku hiyo mpaka wiki iliyopita.

Niliwahi kumuuliza kwa nini alijitwika kosa langu. Alisema wewe ni dada yake na utamrudia, lakini mimi ningebaki mtoto aliyeharibu ntheo, kila mahali, mpaka uzeeni. Aliliona jambo dogo. Sasa mwaka umepita na miezi, na hujarudi Matuu. Hajawahi kulalamika mbele yangu. Ila kila mwisho wa mwezi huchelewa kufunga chumba, anapangapanga kanda ambazo zimeshapangwa, na mimi najua anasikiliza nyayo za nani.

Likizo hii alinituma nitafute kanda za zamani tufute tuzitumie tena. Chini kabisa nikakuta moja ina mwandiko wake: Ntheo, usifute. Niliitia kwenye deki nikaitazama kama ilivyorekodiwa, bila kukata. Asubuhi, moshi, wewe unafuta macho kwa ukingo wa leso na kumwambia mtu aliye nyuma ya kamera aondoke asipike macho yake pia. Mchana, mbuzi wa kwanza, wa pili. Wa tatu analala. Halafu ile picha niliyoitupa. Niliitazama sasa kwa makini. Unatoka katikati ya wanawake na nguo yako mpya, unainama, unamkumbatia yule mbuzi kifuani na vumbi lake lote, unamwingiza bomani mwenyewe. Unasema, "Huyu ni wangu, msimchoshe." Unacheka mpaka unayumba. Na picha inatetemeka kwa sababu Baba naye anacheka.

Nilikuwa nimeukata ukweli kwa sababu haukutulia. Bado natamani kuwa mwongozaji wa filamu, Shangazi, na sitakuficha hilo hata leo. Lakini tangu siku hiyo, nikishika vipande viwili najiuliza kwanza ni nani atakayeishi na kile watu watakachojaza katikati.

Niliunganisha kanda upya kwa mpangilio wa Baba, nikaja nayo Kivaa. Mwende alikuwa amekaribia kujifungua, tukatembea polepole mpaka lile duka, na mama mkwe wake akaja kwa kulazimishwa. Alitazama amekunja mikono. Ulipombeba mbuzi akasema, "Rudisha nyuma." Nikarudisha. Akasema tena, na tena. Mwishowe akasema, "Na nguo ilikuwa mpya." Akauliza ni nani aliyeunganisha ile ya kwanza. Nikamwambia ni mimi, mbele ya wote waliokuwemo dukani, na kwamba Baba hakuhusika. Akauliza kwa nini sikusema wakati ule. Nilimwambia ninalokuambia na wewe. Niliogopa, na kila siku niliyokaa kimya ilifanya inayofuata iwe ngumu zaidi.

Jumanne Mwende alijifungua msichana. Yu mzima, ana nywele nyingi. Leo ndiyo siku ya tatu, na wanawake walifika asubuhi. Mama mkwe aliwapa chai akawaambia warudi makwao, hakuna jina litakalotajwa kabla mamake Mwende hajaingia. Mmoja wao akamuuliza, "Na kama hatakuja?"

Akasema, "Basi mtoto atakaa bila jina, na mimi ndiye nitaeleza watu kwa nini."

Nisamehe, Shangazi. Kama bado huwezi, nitangoja, na sitakulaumu. Ila hasira ambayo umemwekea Baba si yake, tafadhali mwondolee. Hajui nimekuandikia. Pitia kwake Matuu, umchukue mje pamoja, maana kwa aibu ya kanda ile, peke yake hawezi kuthubutu kusimama mbele ya lango hili.

Mtoto amelala hapa kando yangu ninapoandika. Kila anayeingia anauliza anaitwa nani, na Mwende anawajibu kwamba bado, mama yuko njiani.

Ni mimi, binti wa kaka yako.