Baiskeli Niliyomwazima Beryl

Jumatatu, 2 Juni

Insha za Gredi ya Sita zimenichosha. Nusu yao wameandika kuhusu mvua na wote mvua yao ni ile ile.

Beryl amerudisha baiskeli jioni. Alikaa nayo wikendi yote kwao Rusinga kwa sababu yake mwenyewe ina shida ya gia. Ameirudisha imeoshwa, cheni inang'aa, spoki zimefutwa moja moja. Na usukani umefungwa tepu mpya, nyeupe. Zawadi, anasema. Ile nyeusi ilikuwa imezeeka, ni aibu kwenda nayo Mbita. Nikamkumbatia pale pale mlangoni. Nikamwambia akae anywe chai, akasema ana mteja anamngoja saluni.

Nyeupe juu ya nyekundu. Imependeza kupita kiasi. Nimeiegemeza sebuleni niitazame nikila. Mwanamke mzima na baiskeli yake. Wacha waseme.

Alhamisi, 5 Juni

Grupu yetu ya baiskeli kwenye simu imejaa picha tangu asubuhi. Mwezi ujao waendesha baiskeli wa Migori na Homa Bay watakutana Mbita. Kila mtu atapanga baiskeli yake mstarini, ataielezea, wengine wataguna na kushikashika, kisha tutazunguka Rusinga pamoja. Chairman Ouma ameweka picha ya magurudumu yake mapya juu ya mizani ambayo mke wake hupimia nyanya sokoni. Ati tuone wepesi. Kaboni au alumini? Wamebishana hadi mchana. Ouma huendesha lori siku sita, Jumapili anavaa kaptura ya kubana na kuongea kama daktari.

Nami nikaweka picha yangu. Wameisifu sana. Mmoja ameandika, "Mwalimu, hiyo sasa ni bibi harusi." Ouma amesema mbele ya wote kwamba Mbita mimi ndiye nitakayeongoza msafara. Mwanamke wa kwanza. Nilisoma ujumbe huo mara kadhaa nikiwa chumba cha walimu, nikijifanya nasahihisha.

Beryl hajaandika kitu. Yeye huwa wa kwanza kunisifu. Pengine saluni imejaa.

Jumamosi, 7 Juni

Sabato. Kanisani tangu asubuhi. Mahubiri marefu, miguu inawasha. Kesho Rongo, kisha kushuka hadi Homa Bay.

Beryl amepiga simu. Ati twende kesho au tupumzike? Nikacheka. Tangu lini Beryl anapumzika?

Jumanne, 17 Juni

Mkono wa kushoto huu. Herufi za chekechea.

Nilianguka ile Jumapili. Mteremko wa kuingia Homa Bay. Uma ulikatika, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele. Nakumbuka sauti yake tu. Tak. Kisha lami.

Mkono wa kulia umevunjika. Wameweka vyuma ndani. Jino la mbele limeenda. Kidevu kina nyuzi.

Ningekufa. Lori lilikuwa linapanda.

Nimechoka.

Jumapili, 22 Juni

Beryl anakuja kila siku. Ananipikia uji, anashika kikombe. Amenisuka nywele polepole asinivute shingo. Ananiita nyaminwa, dada yetu, kama alivyoniita tangu shule ya bweni. Leo ameniosha miguu, akaanza kulia. Analia kuliko mimi. Mimi ndiye niliyembembeleza, kwa mkono mmoja.

Ameomba kuichukua ile baiskeli akaitupe. Ouma aliileta kwa lori, iko stoo, vipande vya uma vimefungwa kwa kamba. Beryl anasema nikiiona kila siku sitapona moyoni. Nikakataa. Sijui kwa nini. Ni yangu. Hata imevunjika ni yangu.

Mungu amenipa rafiki. Naandika hivyo bila aibu.

Jumatano, 2 Julai

Nimerudi shuleni. Naandika ubaoni kwa kushoto, watoto wanasoma vizuri tu, ila wanatazama pengo. Nikicheka nafunika mdomo. Daktari amesema mkono hautanyooka kabisa. Amesema kama mtu anayesema mvua itanyesha.

Leo nimepata moyo wa kusoma grupu, yale ya nyuma. Heri nisingesoma. Siku mbili baada ya ajali wanajadili kosa langu. Mmoja anasema nilikaza boliti kupita kiasi. Mwingine anasema wanawake wanabana breki ya mbele. Ouma anasema kaboni haikatiki bure, lazima mwenyewe ameitendea vibaya.

Na Beryl. "Nilimwambia apunguze mwendo njia yote. Hakusikia."

Ni kweli. Siku ile aliniambia mara nyingi. Enda polepole, nyaminwa. Tangu Rongo. Ilinikera. Lakini mteremko ule nimeushuka mara ngapi? Sikuwa mbio.

Nimempigia. Amesema walimuuliza akajibu, hakuwa na nia mbaya. Amesema atakuja na samaki. Nimeyaacha. Imeniuma, lakini nimeyaacha.

Jumapili, 13 Julai

Nimetoka Mbita.

Nilienda na gari la Ouma, mkono umefungwa shingoni kwa kitambaa. Nilitaka tu kuwaona. Baiskeli zilikuwa zimepangwa kando ya maji, nyingi ajabu. Za bluu, za fedha, moja ya zamani ya chuma imepakwa mafuta hadi inaonyesha uso wako. Kila mwenye baiskeli anasimama kando yake kama baba wa mtoto aliyefaulu mtihani. Wanainua kwa kidole kimoja kuonyesha wepesi. Wanazungusha pedali kinyume, wanainamisha kichwa, wasikilize ile sauti ya tiktiktik. Nilifurahi. Kwa muda nilisahau jino.

Beryl ndiye aliyepewa kuongoza msafara. Mahali pangu. Hata hilo nililifurahia.

Ndipo akaja mtu wa Rusinga, anaitwa Okello, fundi wa injini za boti. Simfahamu. Akampita kila mtu, akamwendea Beryl akicheka.

"Ai, wewe! Kumbe ulipona? Ile siku uliruka kama chura."

Beryl akasema, "Umenichanganya na mtu."

"Nikuchanganye aje? Si ni wewe na ile baiskeli nyekundu, kwa kona ya kanisa? Tepu ya usukani ikachanika yote. Si nilikuambia usipande hiyo kitu tena mpaka fundi aangalie uma?" Akageukia watu, bado anacheka. "Nilimwonyesha ufa na kidole changu. Hii kidole."

Beryl hakumtazama Okello. Alinitazama mimi.

Halafu akavaa helmeti na kwenda kuongoza msafara. Akaenda! Nilimwona anavuka daraja la kuingia Rusinga na watu nyuma yake wanapiga kengele.

Nilirudi kukaa garini. Ouma akaniuliza kama mkono unauma. Nikasema ndiyo.

Jumatatu, 14 Julai

Baada ya shule nimenunua dawa ya kutoa rangi ya kucha na pamba. Nimefungua stoo. Nimekaa sakafuni, kipande cha uma katikati ya magoti.

Nilipitisha pamba mahali uma ulipokatikia. Pamba ikawa nyekundu. Nikapitisha mahali pengine, mbali kidogo. Pamba ikabaki nyeupe.

Rangi ya kucha. Alitafuta rangi inayofanana. Ana chupa za kila aina pale saluni, lazima alizijaribu moja moja kwenye mwanga. Na imeingia hadi ndani ya ufa. Ndani kabisa. Kwa hiyo ufa ulikuwepo kabla ya rangi, na rangi kabla ya mimi.

Tepu haikuwa zawadi.

Enda polepole, nyaminwa. Alijua. Njia yote kutoka Rongo alikuwa nyuma yangu, anajua, anangoja.

Sijala. Namchukia. Nimeliandika, halijanipunguzia kitu.

Jumanne, 15 Julai

Nimeenda saluni. Alikuwa na mteja chini ya draya. Aliponiona na ile pamba mkononi hakuuliza. Alinipeleka nyuma, kule taulo zinakoanikwa.

Nikamwambia, "Ulianguka nayo."

"Nilidhani ni rangi tu imetoka, Achieng'."

"Okello alikuonyesha ufa."

"Wanaume wanasema vitu mingi kuhusu baiskeli. Wewe mwenyewe huwa unasema."

"Basi kwa nini ukapaka?"

Maji ya taulo yanadondoka.

"Nilikuja nikuambie," akasema. "Jumatatu ile. Nilikuwa nimeshapanga maneno. Ukaona tepu, ukanikumbatia. Ikanishinda. Unaipenda hiyo baiskeli vile mtu anapenda mtoto. Niliogopa utaniangalia vile unaniangalia sasa."

"Ningekasirika wiki moja, Beryl. Ni kitu cha kununua. Ningekasirika, tungenunua nyingine, tungecheka."

"Najua."

"Ukaniacha nipande."

"Nilikuambia uende polepole."

Alisema hivyo. Kwa mdomo wake. Nadhani hata yeye alisikia, kwa sababu alishika mdomo.

Nikamuuliza kuhusu grupu, kwa nini aliwaambia sikusikia. Akasema aliogopa wangeanza kuuliza maswali. Yaani nilikuwa bado nimelala hospitalini, uso umevimba, na yeye alikuwa tayari anajificha nyuma yangu.

Kisha akauliza, "Utawaambia?"

Si "nisamehe". Hicho ndicho alichouliza.

Nimemwambia awaambie mwenyewe kabla ya Jumapili. Nikatoka kupitia mbele. Mteja chini ya draya akanisalimia kwa furaha, "Mwalimu, pole na mkono!"

Jumapili, 20 Julai

Hakusema. Jana jioni simu iliandika tu kwamba Beryl ametoka kwenye grupu. Miaka yote hiyo, mstari mmoja wa kijivu.

Kwa hiyo nimeandika mimi. Kwa kidole kimoja, cha kushoto. Nani aliazima, alianguka wapi, aliambiwa nini, alipaka nini. Sikutukana. Nikaweka na picha ya pamba.

Walisoma wote. Nilikuwa naona wakisoma. Halafu Ouma: "Pole Mwalimu. Lakini hayo mngeyamaliza nyinyi wawili nyumbani."

Mtu mwingine akaweka picha ya pedali mpya. Wakaanza kuuliza za wapi, zinaingia kwa kiatu gani.

Kosa lilipokuwa langu walilijadili siku tatu.

Jumatano, 23 Julai

Ouma amekuja nyumbani bila kupiga simu. Amesimama mlangoni na uma wa chuma, mzito, wa baiskeli yake ya zamani. Hakuomba msamaha, hajui kuomba. Alisema, "Hii haiwezi kukuangusha," akaingia stoo akafanya kazi huku jasho linamtoka. Rangi yake ni kijani. Nyekundu, nyeupe na kijani. Sasa inafanana na kibanda cha kutuma pesa kwa simu.

Alipomaliza akaosha mikono, akasema mke wake amemgombeza sana kuhusu yale aliyoandika Jumapili. Nikampa chai. Tukanywa bila maneno mengi. Kusema kweli, ilinisaidia.

Jumatatu, 4 Agosti

Beryl ametuma ujumbe. Mrefu. Kuna neno "nisamehe" mara nyingi na neno "lakini" mara nyingi pia. Sijajibu.

Kila mtu ananiambia alikuuguza, Achieng'. Alikuosha miguu. Ndiyo. Ndilo linaloniuma kuliko mkono. Sijui alikuwa ananiosha mimi au alikuwa anajiosha yeye.

Jumapili, 7 Septemba

Nimeendesha leo. Peke yangu, hadi Sori, kwa mama. Imenichukua asubuhi yote. Palipo na mteremko nilishuka nikatembea, nimeishika baiskeli kama mtu anayempeleka mgonjwa. Mabinti waliobeba maji walinipita wakicheka. Mkono unauma ukigusa shimo, lakini unashika.

Ziwa lilipoonekana sikusimama. Zamani tulikuwa tunasimama.

Mama alikuwa anaanika omena. Amenitazama jino jipya, akasema limekuwa jeupe kuliko wenzake. Kisha akauliza, "Na Beryl?" Hajazoea kuniona nikija peke yangu. Sikuwa nimemwambia. Kwa simu nilisema niliteleza tu.

Nikakaa kwenye kigoda nikamweleza yote, tangu kuazima hadi pedali. Hakunikatiza. Aliendelea kutandaza samaki kwa kiganja, polepole, hadi nikamaliza. Nilingoja aseme Beryl ni mtu mbaya. Nilikuwa nimeendesha njia yote hiyo nisikie mama akisema hivyo.

"Ni vibaya," akasema. "Ni vibaya sana, nyathina, mtoto wangu."

Akachota omena wengine. Halafu akauliza, "Na yeye, siku ile alipoanguka, aliumia?"

Nikasema sijui.

"Hukumuuliza?"

"Sikumuuliza."

Mama alisogea kidogo, nikasogea karibu na turubai, nikaanza kumsaidia kutandaza kwa mkono wa kushoto. Jua lilikuwa kali. Bado nina hasira, haijaondoka, nimeipima. Tumeanika hadi samaki wakaisha.