Vitabu Ulivyoambiwa Vimeenda Bungoma

Baba yangu mpendwa,

Miezi mitano imepita tangu tukuzike, na kuna jambo nilikuficha. Nilitaka kukuambia kando ya kitanda chako pale wodini, nikashindwa. Nakuandikia sasa ingawa najua hutasoma, kwa sababu nimechoka kukaa nalo peke yangu.

Watu wa mtaa wetu wa Mbotela walikuita Padre, na hukuwahi kuwa padre. Ulianza Kilatini seminarini, ukauacha upadre ukabaki na Kilatini, ukaongeza Kigiriki, ukawa mhadhiri. Nikiwa darasa la tano uligonga meza yetu kwa kidole ukaniambia, "Wafula, hili neno 'meza' lilikuwa la Warumi. Wareno wakalirithi, wakatuletea pwani, na leo limefika hapa, unaweka ugali juu yake." Nilikucheka. Niliona ni mambo ya mtu asiye na kazi.

Kisha chuo kikafunga idara yenu. Wanafunzi walikuwa wamebaki wanne. Mliambiwa mwende nyumbani au mkubali kazi nyingine, nawe ukakubali maktaba. Ulirudi darasani na mvi kichwani, ukasomea ukutubi pamoja na vijana walio rika la wanafunzi wako. Mama alikuuliza kama huoni aibu. Ukamjibu, "Aibu ni kukaa mbali na vitabu." Nyumba yetu ilikuwa chumba kimoja na jiko, kwa hiyo vitabu vyako vyote ulivipeleka huko, ukavitafutia rafu orofa ya tatu. Kila kimoja kilikuwa na jina lako kwa wino wa kijani.

Mimi sikufuata njia yako. Nilianguka mtihani wa kidato cha nne, nikahamia mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Reuben, nikawa kibarua katika kiwanda cha karatasi pale Industrial Area. Hukunigombeza hata siku moja. Nikija Jumapili ulikuwa unaniuliza tu, "Mikono iko salama?" Uliogopa zile mashine.

Mwaka wako wa mwisho kazini, wakubwa waliamua rafu yako iondolewe ili pawekwe kompyuta. Walisema hakuna mtu anayeazima vitabu vile. Wakakupa wewe muhuri. Wiki nzima ulikuwa ukigonga KIMEONDOLEWA juu ya jina lako mwenyewe. Ulitusimulia hayo mezani bila kuinua macho. Halafu ukasema, "Lakini wameniahidi vinaenda shule moja ya sekondari kule nyumbani, Bungoma. Watoto watavisoma." Mama akakuongezea mboga.

Jumanne iliyofuata lori liliingia kiwandani likamwaga magunia. Nikafungua la kwanza, nikaona wino wa kijani.

Kazi yangu, Baba, ni kurarua majalada na kutupa kurasa ndani ya tangi la maji moto. Humo kuna visu vinavyozisaga mpaka zinakuwa uji. Sikuwahi kukueleza vizuri. Siku hiyo nilisimama na kitabu mkononi. Pembeni mwa ukurasa ulikuwa umeandika, kwa mwandiko wa ujana wako: "Hapa sijaelewa. Kumuuliza Mwalimu." Sikujua kwamba nawe kuna siku ulikuwa huelewi.

Msimamizi akapiga kelele, "We Wafula! Unasoma ama unafanya kazi? Tupa ndani!"

Langoni walikuwa wamesimama watu wengine, wanangoja mmoja wetu afukuzwe waingie. Nikatupa. Nilitupa vyote, magunia kumi na moja, tangu asubuhi hadi kengele ya chakula. Ningeweza kuficha kimoja ndani ya shati. Tunapekuliwa tukitoka, nikaogopa. Jumapili nikaja kwenu, nikala, nikakuambia mikono iko salama.

Ulipostaafu ukasema unataka kwenda kuwaona wale watoto wa Bungoma, uwafundishe bure hata kama ni mwezi mmoja. Mama akaipiga pasi suti yako. Mimi ndiye niliyekubebea begi mpaka stendi. Ndani ulikuwa umeweka chaki, kwani ulihofia shule haina. Tulisimama pale karibu saa nzima basi likijaa, na mimi nikijiambia nitasema sasa, nitasema sasa. Ulipopanda ulipata kiti cha dirishani, ukanipungia mkono kama mtu anayekwenda harusini. Nikakupungia.

Ulirudi siku ya tatu. Mwalimu mkuu alikuwa amekupokea kwa heshima, akakupa chai, akakuambia hajapata kuona kitabu hata kimoja kutoka chuoni kwenu. Akakuonyesha maktaba yao, kabati moja tu. Chaki ulimwachia. Ulipofika nyumbani ulivua viatu ukalala, na tangu hapo ukawa mtu wa kitandani.

Alasiri moja ukaniita.

"Wafula, wewe uko kwenye karatasi. Huko kwenu huwa wanaleta vitabu?"

"Mara moja moja."

"Vyangu hujawahi kuviona?"

Mama alikuwa mlangoni akichambua mchele. Aliacha kuchambua.

"La, Baba. Sijaviona."

Ukashusha pumzi. Ukanishika mkono, huu huu. "Asante," ukasema. "Basi viko mahali."

Wiki mbili baadaye moyo ulikuzidia, tukakukimbiza hospitali, na hukutoka tena.

Mama huwaambia wageni kwamba ulikufa na amani, na kwamba mimi ndiye niliyekupa amani hiyo. Akianza hivyo mimi hutoka nje. Nimejiuliza mara nyingi kama nilidanganya kwa kukuhurumia. Hapana. Niliogopa kuona uso wako ukijua. Bado niko kiwandani pale pale, kwa sababu sijapata kwingine. Juzi lori lilileta madaftari ya shule na mikono yangu ikakataa kufanya kazi. Msimamizi akaniuliza kama naumwa, nikasema ni malaria.

Jumapili hii nitamwambia Mama. Najua nitamnyang'anya kitu alichobaki nacho, na huenda asitake tena nikae kwenye kiti chako. Lakini siwezi kuendelea kupakuliwa chakula na mkono unaonishukuru.

Siombi unisamehe, maana huwezi kunijibu, na mimi nisingelijua jibu lako hata nikikisia. Nilitaka tu jambo hili ulisikie kwanza wewe, tena kutoka kwangu. Baba, haviko mahali. Nilivitupa mimi.

Pumzika.

Mimi mwanao wa kwanza,
Wafula