Nywele za Malkia Ziko Safarini

Ijumaa, 28 Julai

Thamarai amenipa daftari hili. Akasema, Mama, wasiwasi ukikushika andika, usituamshe. Haya. Lakini mimi nimeishia darasa la tano, na kuandika kwangu ni barua tu. Sijui kuanza bila salamu.

Basi salamu kwa Baba Selvi, mume wangu, ambaye jina lake silitamki, na hata humu silitaji. Salamu kwa mama mkwe na jino lake moja, natumai mnamlainishia wali. Salamu kwa binti yangu Selvi, na mumewe yule mpole, na mtoto aliye tumboni. Selvi, lalia ubavu wa kushoto! Salamu kwa ng'ombe wetu Sivappi mwenye kikohozi. Salamu kwa jirani Kuppamma, ingawa ungo wangu hajaurudisha. Salamu kwa kuku wote isipokuwa yule jogoo. Mimi ni mzima, hofu na mashaka ni kwenu.

Sasa ukweli. Nyumbani wanajua niko Senji, namuuguza dada yangu Muniamma. Muniamma haumwi. Muniamma ana nguvu za fahali. Mimi niko ndani ya gari la kikundi na mwanangu mkubwa, Thamarai! Yeye, na Bhavani mkuu wao, na wapiga ngoma wawili, na Dasan dereva, ambaye akiimba husahau breki. Wanazungusha mchezo mji hadi mji. Nimekuja kushona, kupika, na kuona kwa macho yangu kwamba anakula.

Baba yake alimpiga marufuku nyumbani siku alipovaa sari mchana na kusema, hivi ndivyo nilivyo, mimi ni binti yenu. Na huyo baba mwenyewe! Kila sikukuu ya Mama Mungu yeye ndiye Malkia Sengamalam wa kijiji, yule malkia aliyeapa hafungi nywele zake mpaka mvua ijaze ziwa. Miaka thelathini anavaa sari kunishinda mimi. Wanawake humlilia. Mimi mwenyewe nilimlilia mpaka nikaolewa naye.

Thamarai anataka kitu kimoja duniani: kumcheza Malkia mbele ya hekalu letu. Mimi nataka kimoja pia: baba na mwana wasizikane wakiwa hai. Sikukuu ni Ijumaa ijayo.

Jumamosi, 29 Julai

Balaa! Balaa la kujitakia!

Mimi nywele zangu zikidondoka kwenye kitana sizitupi. Naziweka kwenye mfuko wa kitambaa, unaning'inia msumarini juu ya mlango. Nilichukua mfuko huo nimletee Thamarai, wamsukie, maana zake ni fupi kwa jukwaa. Leo Tindivanam nikaufungua mbele ya wote kama mleta mahari. Kumbe msumari ule una mifuko miwili.

Nimeleta wigi la Baba Selvi. Nywele za Malkia zenyewe! Anazipaka mafuta ya nazi kila mwezi. Mimi kichwa changu hajawahi kukipaka.

Thamarai akanyoosha mikono. Akalishika kama mtu anayeshika kifaranga. Alikuwa akilivaa utotoni, nyuma ya mlango wa jikoni, akidhani sioni. Akalivaa. Bhavani akasema, hee, Malkia amefika na sisi hatujafagia! Baada ya hapo nani angekuwa na uso wa kusema livue?

Nimejifariji hivi: wigi lilisukwa kwa nywele zangu mimi. Mtu anaweza kuiba nywele zake mwenyewe?

Jumapili, 30 Julai

Villupuram. Tumefika jana usiku, hoteli mbili zimejaa — eti. Funguo zote zinaning'inia nyuma ya karani! Wakiona thirunangai, wanawake waliozaliwa wavulana kama Thamarai na Bhavani, vyumba vinajaa vyenyewe. Ya tatu nikatangulia mimi. Sisi mahujaji, nikasema. Karani akamtazama Bhavani. Mahujaji gani wenye mabega yale? Nikamwambia, ndio wanaobeba mungu. Akatoa funguo.

Asubuhi mke wa karani huyohuyo akamletea Thamarai mtoto ambariki, maana baraka ya thirunangai kwetu ni bahati. Thamarai akambariki. Mtoto akamkojolea. Bhavani akasema hiyo ndiyo ada yetu, na leo tumelipwa yote.

Jioni nimetazama mchezo mzima kwa mara ya kwanza, ukumbi wa chuo, nimekaa na wanafunzi. Kina Bhavani wameugeuza: Malkia alilelewa kama mtoto wa mfalme, wa kiume, hadi siku alipojiona katika kidimbwi cha mwisho cha ziwa. Nusu sikuielewa. Nusu niliielewa kupita kiasi. Na alipogeuza kifundo cha mkono — kile kidole cha mwisho kinachelewa kidogo — nikasema kwa sauti, Baba Selvi! Mtu mzima mimi. Mstari mzima ukageuka kunitazama. Lakini ni yeye! Kila kitu cha baba yake kimo mwilini mwake, hakuna aliyemfundisha.

Baadaye mwalimu mmoja mwenye miwani akanisimamisha. Mama, ulisikia nini ndani yako ulipomwona mwanao pale? Nikasema nilisikia baridi, feni ilikuwa juu yangu. Wakapiga makofi. Mpaka sasa sijui kwa nini.

Jumatatu, 31 Julai

Amepiga simu. Nilikuwa namenya vitunguu, ikawa vizuri, machozi yalikuwa tayari.

Mama Selvi, nimefungua mfuko wangu nimekuta kiota cha panya.

Si kiota, nikasema, ni nywele zangu. Nimebeba mfuko wako kwa makosa. Uko hapa salama, kwa Muniamma.

Akapumua. Hana hasira, mume wangu, ana desturi tu. Kisha: haya, nipe shemeji nimjulie hali.

Bhavani alikuwa mbele yangu anakula embe. Nikampa simu. Nikamnong'oneza, wewe ni dada yangu, unaumwa! Ilitosha aseme ahsante naendelea vizuri, akate. Lakini Bhavani ni mwigizaji tangu tumboni. Akalala chini kabisa, kwenye saruji. Shemeeeji, akasema. Akakohoa. Akasema anaona mwanga. Akamsamehe Baba Selvi kila alichowahi kumkosea. Wapiga ngoma wametoka nje wanaziba midomo.

Shemeji, homa imekukaza sauti, nilimsikia akisema. Masikini, akaanza kulia! Analia upesi mume wangu, ni mazoea ya kazi. Keshokutwa nakuja, akasema. Nimwone mgonjwa kabla hajaondoka, na nichukue nywele zangu.

Bhavani akainuka, akamalizia embe. Nilikuwaje, dada?

Nilitaka kumpiga kwa sufuria. Kisha Thamarai akamletea maji na kumwita mama, "Mama, umetuua." Mama! Kwao mkuu huitwa hivyo, lakini mimi niko pale. Mtoto mmoja, mama wawili. Anapakuliwa mara mbili kila mlo, angalau amenenepa mashavu.

Jumanne, 1 Agosti

Nimempigia Muniamma. Nikamweleza yote. Akacheka mpaka nikahofia salio langu. Nikamwomba alale kitandani siku moja tu, ajifunike blanketi, aseme nimetoka kutafuta dawa, nywele nimeondoka nazo.

Mimi nilale mchana? Majirani wataanza kuchanga za mazishi.

Dada, nakusihi.

Nina pilipili za kuanika, Mama Selvi. Na wewe una mtoto, unamficha kama sufuria iliyotoboka. Mtoto wa watu anapigiwa makofi miji mizima!

Mwishowe akakubali, ila kwa shingo upande.

Leo hakuna mchezo. Mwenye ukumbi amebadili nia baada ya kuonyeshwa picha yao. Bhavani hakugombana. Wameweka ngoma chini pale stendi, wakacheza hapohapo kati ya wauza ndizi. Watu wawili walitukana. Bibi mmoja akavua bangili zake za kioo akamvisha Thamarai mkononi, akasema, wewe Malkia, ikinyesha utukumbuke. Nimekwenda nyuma ya gari nikalia kidogo. Thamarai akaniuliza vipi. Nikasema vumbi.

Anamngoja baba yake. Hasemi, lakini kila simu ikilia anatazama.

Jumatano, 2 Agosti

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa kama kizingiti.

Baba Selvi amefika Senji na dawa, machungwa na jivu takatifu la hekaluni. Amemkuta mgonjwa juu ya paa anaanika pilipili, anaimba. Muniamma hakumficha hata punje. Mpaka rangi ya gari amemwambia.

Simu ikaja. Baba Selvi hakusubiri haloo.

Nani anamcheza Malkia huko?

Thamarai.

Nilisikia dada yangu akimenya machungwa ya mgonjwa.

Akasema, haiwezekani. Malkia ni kazi ya mwanamume. Mwanamke akivaa sari amevaa sari tu. Sanaa iko wapi hapo?

Sijui nini kilinipanda. Nikasema, Baba Selvi, si ulisema yule ni mwanamume? Basi ana haki acheze. Na kama hawezi kucheza kwa kuwa ni mwanamke, basi umeshakubali, na hatuna ugomvi tena.

Akakohoa. Akasema nywele zake azikute Panruti kesho. Simu ikakatika. Au aliikata.

Thamarai alikuwa mlangoni, amesikia. Akaniinamia akagusa miguu yangu. Nikamwambia inuka, kula.

Kuna jambo jingine. Goti la Baba Selvi limekwisha. Mwaka jana, pale Malkia anapopiga magoti kumlilia mfalme, alishindwa kuinuka. Mfalme, aliyekwisha kufa, ikabidi amwinue! Kijiji kizima kilicheka mbele ya Mama Mungu. Hajalisema mpaka leo. Nasi hatulisemi.

Alhamisi, 3 Agosti

Panruti, ukumbi wa harusi, mchezo wa mwisho. Naandika juu ya gunia la nguo, kati ya pazia na mlango wa nyuma. Amekuja! Lakini haingii. Amekaa kwenye ngazi ya gari, amekunja mikono. Thamarai naye hatoki. Basi mimi ndiye posta.

Mwambie nataka nywele zangu.

Nikaenda. Thamarai tayari amepakwa rangi: ziko kichwani, aje azichukue mwenyewe.

Nikarudi. Akasema, siingii. Amezibana wapi? Sijui. Nenda ukatazame! Nikatazama. Kwa mbele, Baba Selvi. Akaruka kama kaumwa na siafu. Mbele? Akizunguka zitamwanguka! Pini ziwe nyuma ya masikio. Na usiseme namfundisha. Nalinda mali yangu.

Nikaenda. Pini zikahama. Thamarai akauliza kwa kupitia mimi, Malkia anazunguka kulia au kushoto? Yeye hukumbuka kushoto, Bhavani anasema kulia.

Bhavani anajua nini! Kushoto. Ndiko ziwa lilikokimbilia.

Bhavani akapaza sauti nyuma ya pazia: mwambie ziwa halina miguu!

Na yeye kutoka kwenye gari: mwambieni shemeji yangu mahututi anyamaze, homa itampanda!

Dasan akaanguka kwa kicheko kwenye usukani, honi ikalia. Hata Baba Selvi mdomo ulimcheza. Nikampa wali wa ukwaju. Amekula wote, bila kutazama anachokula.

Halafu alitaka kuinuka. Goti likagoma. Akashika mlango, akajaribu tena, akakaa. Dasan akampa mkono. Nilipogeuka, Thamarai yuko dirishani, ameona. Wanja umeanza kumtiririka, Bhavani anamfuta huku anamkaripia.

Akaniita. Sauti ndogo. Mama, nenda umuulize, kesho nani atapiga magoti mbele ya hekalu?

Nikaenda nikauliza hivyohivyo. Sikuongeza, sikupunguza. Alitazama viganja vyake. Hakusema ndiyo, hakusema la. Nikasimama pale mpaka ngoma zikaanza ndani, nikarudi mbio. Miguu imekataa safari nyingine. Nimemtuma Dasan: usirudi bila neno!

Ngoma zimefika pale Malkia anapotoka. Hakutoka. Wamerudia mwanzo. Bhavani anasema, Malkia, raia wako wanakauka kwa ukame! Thamarai hatikisiki, mkono uko kwenye pazia. Nangoja jibu, anasema. Mara ya tatu sasa. Watu wa Panruti wameanza miluzi.

Dasan harudi. Nimechungulia. Yule mtu amesimama! Kashika bega la Dasan kwa mkono mmoja, ule mwingine uko hewani, kifundo kimegeuka — na anazunguka. Polepole. Kushoto. Goti linalalamika hadi huku nalisikia. Anamwonyesha dereva hatua za Malkia, aje nazo kwetu! Tena na tena, huku anatazama dirisha letu. Nimemwita Thamarai aje aone. Hasikii, ngoma zimezidi.

Baba Selvi, hilo ndilo jibu? Mimi nisome vipi mkono? Sema kwa mdomo, mume wangu. Ndiyo ni neno dogo. Mpe Dasan akimbie nalo, ulete upesi, mtoto yuko paziani hapumui, na wapiga ngoma wananitazama mimi —