Mama Mkwe Aliyeshuka Kwenye Njia ya Misheni

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limeandikwa kwenye jalada, mtaani anaitwa Fundi Redieta. Umri: miaka 38. Kazi: fundi magari. Makazi: chumba na sebule nyuma ya gereji yake. Yameandikwa kaunta ya kituo, saa tisa na robo alasiri. Shahidi amepewa kiti, amekataa kukaa.

Afande, nitasema yote, ila uandike upesi. Umeniambia gari la kituo halitoki bila maelezo. Haya basi, na mkono ukichoka nipe kalamu niandike mwenyewe.

Leo saa kumi na mbili asubuhi niliondoka nyumbani na pikapu yangu kumpeleka mama mkwe wangu, mama aliyemzaa mke wangu, kwenye misheni ya kale huko jangwani. Ni kanisa la mawe la zaidi ya miaka mia moja. Siku hizi halina padri, lina mlinzi na wageni wa kupiga picha. Mama alilelewa pale na ndoa yake ilifungwa pale. Mwaka huu magoti yamemsumbua sana, akasema anataka kuliona kanisa lake angali anaweza kupanda ngazi zake. Mke wangu ana mtoto wa wiki tatu, asingeweza kuja. Aliniambia mlangoni, "Mama ninaye huyo mmoja tu. Umpeleke, na umrudishe." Maneno hayo yananitafuna mpaka sasa.

Umeuliza kama tuligombana njiani. Hata kidogo! Mtu na mkwewe wagombane vipi, nasi hata kutazamana usoni hatutazamani? Miaka tisa nimeoa kwake, sijawahi kula naye meza moja. Alikaa mbele kwa sababu nyuma ni wazi, nikaweka begi lake katikati yetu. Akitaka kitu alisema na gari. "Gari hili lingepunguza mwendo, mgongo ungeshukuru." Nikapunguza, nikajibu kwa kukohoa. Ndivyo tulivyo, na tunapendana. Andika hilo, afande, usiliruke.

Lami iliisha mapema. Baada ya hapo ni vumbi, kokoto, na matuta madogo madogo yanayogonganisha meno. Njia yenyewe inagawanyika kila mara, maana kila dereva amekwepa mchanga kwa upande wake, mwisho unaona alama za tairi zimetapakaa kote na hujui ipi ni barabara. Nilifuata zilizoelekea mashariki.

Ilipokaribia saa tano mama akasema, "Gari hili lisimame." Nilijua kwa sauti kwamba tumbo linamsumbua. Nikasimama. Pale ni uwanda mtupu, huna kichaka cha kuficha hata mbuzi. Kuna makorongo tu, vijito vilivyokauka zamani. Akashuka na kitenge chake mkononi. Sasa mimi nifanyeje? Nikae pale, mkwe wangu anatafuta pa kujisitiri nami nimekodoa macho? Nikaondoa gari, nikavuka kilima kimoja, nikasimama ng'ambo. Maji yote yalikuwa garini. Sikuyakumbuka. Mungu wangu, afande, sikuyakumbuka!

Nikasubiri. Nusu saa ikapita, nikasubiri tena. Umeuliza kwa nini sikupiga honi. Nani anampigia honi mkwewe aliyekwenda haja? Ungethubutu wewe? Honi ni sawa na kumwambia afanye haraka. Ndipo upepo ukaja na vumbi, boneti ya gari langu mwenyewe sikuiona. Ulipotulia, alama za tairi zangu zilikuwa zimefutika. Nikarudi juu ya kilima, nikatazama chini, makorongo yote yanafanana. Hapo sasa ndipo nilipoikamua honi mpaka ikakauka.

Nilitembea kwa miguu kandokando ya makorongo. Nilikuwa nasimama mbali kidogo na ukingo, naita, "Mama! Mama, hodi!" Kisha nanyamaza, nasikiliza. Asipojibu mtu, najua hayupo, naenda lingine. Nimeita mpaka sauti imekuwa hii unayoisikia.

Ndiyo, nimekusikia, unataka kujua kama nilichungulia ndani. Sikuchungulia. Usinitazame hivyo. Ukimkuta mkwe vibaya unaweka wapi uso wako? Niliita kwanza ili kama yumo aseme, "Subiri." Angesema hivyo tu, ningesubiri hata kutwa. Hakuna aliyesema kitu.

Petroli ilipobaki kidogo nikaja hapa. Mlinzi wa misheni mmemwita kwa redio mbele yangu, anasema hajaona mtu. Mke wangu amepiga simu mara tatu nikiwa nimesimama kaunta hii. Sijapokea. Nipokee niseme nini? Kwamba mama yake nimemwacha juani bila tone la maji, kwa sababu ya heshima?

Unasema haraka haraka haina baraka. Sawa, afande, lakini mwambie hayo jua, siyo mimi. Nina ombi moja tu, nalo liandike. Wewe ni mwanamke. Tukifika, wewe ndiye ushuke makorongoni. Mimi nitawaonyesha kilima, kisha nibaki kwenye gari.

Huo ndio mwisho wa ninayoyajua, sikupunguza wala sikuongeza. Saini naweka wapi?

(Sahihi ya shahidi)

MAELEZO YA OFISA: Yametiwa saini saa tisa na dakika hamsini. Shahidi hakusomewa tena. Alikuwa ameshapanda gari.

NYONGEZA, siku hiyo hiyo: Saa kumi na moja na nusu jioni tulimpata mama huyo chini ya ukingo wa korongo, upande wa pili wa kilima alichotuonyesha shahidi. Yu hai. Midomo imepasuka na mguu umeteguka, lakini anazungumza vizuri. Nilishuka peke yangu kama nilivyoombwa. Alikataa maji mpaka nilipomvisha koti langu. Alieleza kuwa gauni lilichafuka, akalivua alisugue kwa mchanga, na upepo ukachukua gauni na kitenge pamoja.

Nilimuuliza kama hakusikia mtu akiita. Akasema, "Nilimsikia. Alisimama hapo juu, akaita mpaka akaanza kulia. Ningeitika, angechungulia."

Shahidi alikuwa amesimama nyuma ya gari, ametugeuzia mgongo. Nilimpelekea maneno hayo kama yalivyo. Alifuta uso kwa mkono wa shati. Kisha akasema, "Ningekuwa yeye, hata mimi nisingeitika," akapanda kukaa nyuma kwenye bodi, ili mama akae mbele.

(Sahihi) Koplo wa zamu