Kisu cha Masumbu

Papa Mado,

Salamu hupewa mutu anayeweza kujibu, kwa hiyo sikupi. Nitakuambia tu niko wapi. Niko nyuma ya nyumba ya Bana Mulenga, yule mama wa Kizambia aliyetukodisha chumba hapa Nchelenge. Nimekaa juu ya kigogo, karatasi juu ya magoti, na beseni letu la bati limegeuzwa mbele yangu. Mado wetu ameenda kuchota maji na Bana Mulenga. Nina muda kidogo wa kulia bila mutu kuniambia ninyamaze.

Watu wananiongelesha habari za Mungu. Wanakuja, wanakaa kwenye mukeka, wanasema ndivyo alivyopanga, wanakunywa chai yangu na kwenda. Sina ugomvi nao. Lakini hakuna hata mumoja anayeniuliza habari ya kisu, na miye tangu siku ile sina habari nyingine. Bon, nitakuambia weye, maana weye ulikuwepo.

Unakumbuka tulivyofika hapa. Vita vilipoanza tena kule kwetu tulivuka ziwa kutoka Kilwa na Mado, sufuria mbili, hili beseni, na kitenge changu cha ndoa nilichokuwa nimejifunga chini ya nguo. Kisu chetu kilibaki Kilwa, kimechomekwa kwenye ukuta wa jiko, na kila nilipotaka kupasua samaki ilibidi niende kumusumbua Bana Mulenga. Weye ulikuwa umeanza kuvua na Chanda, yule muvuvi wa Kabuta, kwenye mutumbwi wake, na hukuwa hata na cha kukatia kamba. Nikakuambia, nauza kitenge. Ulikasirika. Ulisema kitenge cha ndoa hakiuzwi. Nikasema ndoa iko hapa inatembea na miguu, kitenge ni kitambaa, twende sokoni.

Tulienda Kashikishi asubuhi, weye mbele, miye nyuma, nikisalimia watu nisiowajua kwa Kibemba cha wiki tatu. Kitenge kikauzwa, tukafika kwa muuzaji mumoja aliyekuwa ametandika gunia chini: makufuli, betri, ndoano, vioo vidogo, na visu viwili vya kukunja. Kimoja kilikuwa kisu kama visu vyote, ubao mwekundu kwenye mpini, ncha kali iliyonyooka. Kile kingine hatukuwahi kuona kama hicho. Ukikifungua, bamba lake lilipinda kwenda chini, na makali yalikuwa upande wa ndani wa ule mupindo. Bei yake ilikuwa karibu nusu ya kile kingine. Watu wa Kashikishi walizoea vilivyonyooka, hakuna aliyekitaka, ndiyo maana.

Uliinama ukakiokota. Ukamuuliza muuzaji, "Hii iko ya nini?"

Yule baba Kiswahili chake kilikuwa cha kuuzia tu. Akasema, "Iyi? Ya masumbu."

Na miye nikasikia neno matumbo.

Papa Mado, nilicheka. Unajua kicheko changu, kile mama yako alikuwa anasema kinafukuza kuku. Nikasema kwa sauti soko lote lisikie, "Ya matumbo? Baba, miye njo napasulaka samaki tangu niko mutoto. Matumbo gani utatoa na kisu yenye inaangalia chini sawa mutu wa haya?" Wakongomani waliokuwa pale karibu wakacheka, muuzaji naye akacheka bila kuelewa, na miye nikazidi, maana nikipata watu wa kunisikiliza sijui kuacha.

Weye ukasema polepole, "Hakusema matumbo."

"Nimesikia na masikio yangu mbili."

Hukubisha. Kulikuwa na uzi wa nailoni umetoka kwenye ukingo wa lile gunia. Uliupitisha ndani ya ule mupindo ukavuta kidogo tu, na uzi ukakatika. "Angalia," ukaniambia. Sikuangalia. Nilikuwa nimeshika kile cha ncha, najaribu makali yake kwenye ukucha.

Ndipo uliposema lile neno ninalolikumbuka kila nikiamka. Ulisema, "Tutwae hii ya bei chini. Pesa itabakia, tutanunua na kisu ya meza kwa ajili yako. Kila mutu na yake."

Nikakujibu, "Miye sipasulaki samaki na kisu ya mukate."

Ni hayo tu. Watu wakacheka tena. Ulikifunga kile kisu cha kupinda, ukakirudisha juu ya gunia mahali pale pale ulipokitoa, na tukanunua changu. Nakiita changu. Wakati ule nilisema ni chetu, lakini nani alikuwa anachagua? Weye ulisimama tu na mikono mufukoni.

Njiani nilikuwa nafurahi. Nilikuwa naongea mambo ya uchanja wa kukaushia samaki tutakaojenga, jinsi samaki wa hapa wanaoitwa pale wanavyopasuka vizuri kwa ncha kali, kuanzia mugongoni. Ulikuwa unaitika "ee, ee". Sasa najiuliza kama ulikuwa unanisikiliza au ulikuwa unaufikiria ule uzi.

Basi tukawa na kisu kimoja watu wawili. Asubuhi ulikwenda nacho ziwani, ukirudi naokota miye. Nasema naokota kwa sababu hukuwahi kunipa kisu mukononi. Mama yako aliwafundisha hivyo kwenu: kisu unakiweka chini, mwenzako anakiokota mwenyewe, ili ugomvi usipite kati ya mukono na mukono. Mwanzo nilikutania. Nilikuambia kwetu sisi tunagombana hata bila kisu. Lakini nilizoea. Ulikuwa unakiweka juu ya hili beseni, limegeuzwa, kimefungwa, na mpini unaelekea kwangu. Kila siku mpini ulielekea kwangu.

Mara moja tu ulisema kitu. Ulikuwa unashona wavu, umekaa pale mulangoni, ukawa unakata kamba iliyolowa. Ukasema, "Kinateleza." Nikasema, "Kinoe." Ukakinoa kwenye jiwe, na hukusema tena. Franchement, kusema kweli, weye nawe ulikuwa unanyamaza sana. Ungenigombeza hata siku moja. Ungesema mama, hujui Kibemba, funga mudomo, muache mutu amalize kuongea. Mbona hukuniambia hivyo? Nakukasirikia kwa hilo, halafu naona haya, maana nani angekuwa na nafasi ya kuongea mahali nilipo miye?

Siku yenyewe unaijua nusu yake. Nakueleza ile nusu nyingine.

Jana yake mulipata samaki wengi, na watu wa baiskeli wanaowapeleka Mwansabombwe walisema wangepita kabla ya saa sita. Nilikuwa na rundo la samaki sijalipasua. Ulikuwa umeshavaa ile jezi yako ya kijani iliyotoboka begani. Ulikuwa umeshatia kisu mufukoni. Nikakuambia, "Papa Mado, uniachie kisu leo."

Uliangalia rundo. Uliangalia ziwa, kulikuwa na upepo kidogo, si mwingi. Ukasema, "Njo hivyo. Samaki ni mingi."

Ukakitoa, ukakiweka juu ya beseni. Mpini ukaelekea kwangu. Nikakiokota.

Sikukuangalia ukiondoka. Watu wananiuliza maneno yako ya mwisho, wanataka kusikia kitu kizuri, na miye nawaambia uliongelea samaki.

Nilipasua samaki asubuhi nzima. Nilipasua vizuri, Papa Mado, kisu kilikuwa kikali, ulikinoa weye. Nilikuwa hata naimba. Walikuwa wamebaki wachache niliposikia watu wakikimbilia ufukweni, nami nikakimbia na kisu mukononi, sikujua kama nimekishika.

Chanda alikuwa ndani ya maji mpaka kiunoni, anavuta mutumbwi. Mudomo wake ulikuwa unatoka damu. Alinieleza baadaye: mulikuwa munavuta wavu, mutumbwi ukayumba, ukaanguka, na wavu ukakuzunguka miguu na mukono mumoja. Alikushika jezi, lakini wavu ulikuwa unakuvuta chini ya maji. Hakuna kati yenu aliyekuwa na kisu, yeye chake kilianguka majini siku chache nyuma na alikuwa anategemea cha kwako. Basi akawa anakata wavu kwa meno. Alikuwa anauma nailoni, anashusha pumzi, anauma tena, na upepo unawasukuma. Alifika nawe ufukweni ungali ndani ya wavu.

Aliniona, akaanza kuniita mama kwa Kibemba, akisema, "Isumbu, bamayo. Isumbu." Alikuwa anasema hivyo tu, anaonyesha ile nailoni kwenye miguu yako. "Amasumbu," akasema mwingine nyuma yake, "ni amasumbu, wavu wa samaki," ili miye Mukongomani nielewe.

Nikaelewa. Nilisimama pale ndani ya maji nikaelewa kile yule baba wa gunia aliniambia. Alisema kisu cha nyavu. Alikijua kabisa kile alichokuwa anauza, na weye ulijua, ulikuwa umeshavua wiki mbili na Chanda na neno hilo ulilisikia kila siku. Aliyekuwa hajui ni mumoja, na ndiye aliyekuwa anaongea.

Halafu mutu akasema, "Nani iko na kisu?"

Mukono wangu ulikuwa umeshakishika. Kilikuwa na magamba ya samaki.

Sikukubali mutu mwingine akukate. Nilipiga magoti nikakata miye mwenyewe, na kilikuwa kinateleza. Nailoni iliyolowa ilikuwa inakimbia ile ncha, nasukuma, inakimbia, naogopa kukuchoma, halafu nakumbuka kwamba sasa hata nikikuchoma husikii. Kile kingine kingeivuta ndani ya mupindo. Ungevuta mara moja. Ungevuta hata na mukono mumoja, ule uliokuwa huru.

Nimelihesabu jambo hili kwa kila namna. Najiambia, hata kama tungenunua cha kupinda, labda kingezama. Labda ungekisahau. Bana Mulenga ananiambia hivyo, ni mutu mwema. Lakini halafu nakumbuka kwamba kile cha kupinda nisingekuomba uniachie. Kingenifaa nini? Samaki hapasuki na kisu kile. Kingekuwa mufukoni mwako siku zote, kwa sababu tu mukeo hakitaki. Hapo ndipo ninaposhindwa, na sina tena wa kumuambia.

Sikuandikii ili unisamehe. Ungenisamehe haraka, ndiyo tabia yako, na msamaha wa haraka hauwezi kunisaidia. Nakuandikia kwa sababu kila kinachotoka mudomoni mwangu siku hizi kinaniogopesha. Sokoni sibishani tena. Wauzaji wananiambia bei, nalipa. Mado ananiuliza kwa nini sicheki, namuambia koo linaniuma. Ana miaka mitano na ananiletea maji ya chumvi nisukutue, kila jioni, na miye nasukutua.

Wiki iliyopita nilirudi Kashikishi. Sikuwa nimepanga. Miguu ilinipeleka. Yule baba alikuwa pale pale, gunia lile lile, na kile kisu kilikuwepo. Tangu tulipokiacha hakuna aliyekitaka. Alinikumbuka, akaanza kutabasamu, akisubiri nitoe mzaha mwingine. Nikakionyesha kwa kidole. Nikamuuliza kwa Kibemba changu kibovu ni cha nini.

"Ya masumbu," akasema. Safari hii alisema polepole, akanionyesha kwa mikono mutu anavyovuta wavu, kwa sababu alijua miye ni mugumu wa kuelewa.

Nilimuitikia. Nikamuambia, "Ee, baba. Masumbu. Nimesikia." Akanipunguzia bei mwenyewe, bila kuombwa, akafurahi kukiondoa. Nilifika kona ya soko nikakaa chini kwenye vumbi, watu wakanipita.

Kile cha ncha bado ninacho. Ninapasulia samaki, maana Mado anakula kila siku, na hakuna kisu kingine cha kufanyia kazi hiyo. Nilidhani sitaweza kukishika. Mutu anaweza vitu vingi, Papa Mado, na hicho nacho kinanitia uchungu.

Kile chako niko nacho hapa. Nimekipaka mafuta kwenye pini ya kukunjia, sasa kinafunguka vizuri. Sauti ya Mado naisikia inakuja na ndoo, inabidi nimalize. Nilitaka nikipeleke kule tulikokulaza, lakini Bana Mulenga anasema kitaibiwa. Nilitaka nimupe Chanda, na Chanda haendi tena ziwani.

Kwa hiyo nimefanya kama mulivyofundishwa kwenu. Sijakushikisha mukononi. Nimekiweka juu ya beseni, kimefungwa, na mpini nimeuelekeza kwako.

Kiokote.

Mukeo,
Mama Mado