Siku Niliyomcheka Mama wa Kianyaga

Wamekubali kurudi! Nyambura, watu wa Kianyaga wamekubali kurudi, na aliyewarudisha ni mimi mama yako niliyeishia darasa la saba, sio wale wajomba zako wenye suti. Sasa ndio nakusalimia. Hujambo, mwalimu wangu? Jua la Marsabit bado linakuchoma? Hapa Karatina ni baridi na ukungu, lakini niko mzima.

Nakuandikia kwa sababu kwa simu sitaweza. Kwa simu huwa nakuacha uongee, mimi nasema tu sawa, sawa. Leo utajua kwa nini.

Unakumbuka kinu? Nilikulea pale kwa posho mill nikisagia watu mahindi, wewe mgongoni, mpaka nywele zako zikawa nyeupe kwa unga kama za nyanya yako. Kile kinu kilinguruma kutoka asubuhi mpaka jioni, hakuna aliyemsikia mwenzake, kwa hivyo tulisomana midomo. Na hakuna aliyenishinda. Wewe ukiwa na miaka mitano ulikuwa unasimama mlangoni, unafungua kinywa bila sauti, unaomba mandazi. Nami ng'ambo ya mashine nakujibu vivyo hivyo, kwamba mandazi ni ya Jumapili. Hata kanisani tulisengenya hivyo, pasta akidhani tunaomba. Niliringa nayo sana, ati mimi na mtoto wangu hatuhitaji sauti. Sikujua kinu kilikuwa kinakula masikio yangu polepole.

Halafu ikaja korona na barakoa zake. Nilishona za kitenge, nzuri kuliko za dukani, na bado zilinitesa: kamba inakata nyuma ya sikio, miwani inajaa ukungu, unga unagandana na jasho hapa juu ya mdomo. Hayo nilivumilia. Lililonishinda ni kwamba dunia yote ilianza kunong'ona. Mteja anasema kitu, mimi naona kitambaa kinapanda na kushuka. Nikatangaza kwamba wateja wa siku hizi hawana heshima, wanaongelea tumboni.

Ndivyo nilivyokuwa siku Muriithi wako alipoleta watu wao wa Kianyaga kukuposa. Wazee walikuwa ndani na wajomba zako. Mama yake akanifuata nje kwenye sufuria za irio, akaketi karibu nami, akaanza kuniambia jambo. Niliona macho tu. Yakakunjamana pembeni, mabega yakatikisika, nikajua huyu anacheka. Nami nikacheka, binti yangu, nikacheka mpaka nikampiga paja. Akainuka akaingia kwa gari, na wote wakamfuata, nyama ikiwa bado motoni.

Ni wewe uliyeniambia baadaye, barakoa ikiwa imetoka, kwamba alikuwa akinieleza juu ya dada yake, aliyezikwa wiki hiyo naye akizuiwa kwenda, kwa vile waombolezaji walikuwa wanahesabiwa. Ukaniuliza, "Mama, kwa nini ulicheka?" Nikakujibu kwamba hapa ni kwangu, nacheka nikitaka.

Mwezi uliofuata ukachukua kazi mbali.

Nyambura, sikuwa nimesikia neno hata moja. Niliona heri uniite mkatili kuliko uniite kiziwi. Nimebeba hilo miaka hii yote, na ni zito kuliko gunia.

Mwezi jana nilienda kliniki Nyeri kwa sababu ya presha. Nesi wa rika lako akashuku kwamba sisikii, akaziba mdomo wake na faili, akaniuliza kitu. Nikamwambia atoe hiyo faili kwanza. Kumbe alikuwa ameniuliza kama niko na watoto. Hebu fikiria, mimi nishindwe kusikia swali ninalolipenda kuliko yote.

Nilitoka pale nikaenda Kianyaga siku iyo hiyo. Mama Muriithi alinisimamisha barazani, hakunikaribisha. Nikamwambia, "Siku ile sikukusikia. Mimi ni kiziwi, na niliona aibu kusema. Niambie tena, lakini uniangalie."

Halafu akaniambia yote kuhusu dada yake, kutoka mwanzo, polepole, uso wake ukiwa wazi mbele yangu. Safari hii nililia pale pa kulia. Alipomaliza akanipa kiti, akasema, "Tukija tena nitakaa upande wa sikio lako zuri." Nikamwambia yote mawili ni mabaya, achague tu. Hapo ndipo tulipocheka pamoja.

Najua Muriithi bado anakupigia. Masikio yameenda, macho niko nayo. Kama moyo wako umebadilika niambie, nitawazuia mimi mwenyewe. Kama bado, njoo. Unajua desturi, wazee hawatagusa chochote mpaka uulizwe mbele ya watu wote kama wageni wapokelewe. Nimeshachagua mahali pa kukaa, mbele yako kabisa. Jibu ukiniangalia mimi.

Mama yako anayekuringia kila mahali.

Wote wanafika Jumamosi ya pili ya Desemba, saa nne asubuhi.