Kidude Chako Kimesema Nami Nina Mimba

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumatano asubuhi.

Mpendwa mjukuu wangu, mume wangu mdogo,

Koma! Koma kabisa kumwambia mkeo asiende hospitali. Nimeanza na hilo kabla ya salamu kwa sababu kwenye simu unanikatiza kila nikifungua mdomo, na barua haikatizwi.

Haya, sasa salamu. Hujambo? Unakula? Mgongo ulioumiza kwa kupanda ngazi za watu umepona, au bado unadanganya kama kawaida yako? Mimi mzima. Goti linalalamika lakini linatembea. Mkeo, mke mwenzangu, mzima pia, na aliye tumboni mzima mpaka ninapoandika. Soma vizuri hapo: mpaka ninapoandika.

Barua hii anakuletea Mrefu, mwenzako wa kazini, aliyekuja likizo na leo anarudi. Nimeifunga kwa uzi mwekundu wa cherehani. Ukikuta fundo limelegea, ujue ameisoma njiani na amecheka. Mwandiko usiucheke wewe. Darasa nililoishia linanitosha kukuandikia ukweli.

Unajua mkeo anavyoshona. Tangu tumbo likue, lazima likutane na meza ya cherehani, na mtoto hapendi kubanwa. Akiinama tu, teke. Basi kutwa nzima ilikuwa, "Wee, tulia, nashona!" na "Umeniharibia pindo, mkorofi kama baba yako!" Nilishazoea. Nachambua mboga uani, nasikia cherehani, nasikia ugomvi wa hao wawili, najua kila mtu yupo.

Wiki iliyopita nikasikia cherehani peke yake.

Nikatega sikio. Cherehani inakwenda, inasimama, inakwenda, ugomvi hakuna. Nikajisemea, huyu ama amejifunza adabu humo humo tumboni, jambo ambalo katika ukoo wetu halijatokea, ama kuna kitu. Nikaingia. Nikamuuliza, mwenzio mbona kimya leo? Akasema, "Amelala, bibi. Nafasi imekwisha, hana pa kugeukia. Mama wa dukani amesema siku zikikaribia hutulia." Anasema hivyo hanitazami mimi, anatazama sindano. Tangu lini? Tangu jana. Tangu jana! Na usiku tumekula naye meza moja, ananiambia nimpitishie chumvi.

Kisha akatoa kile kidude ulichomtumia, cha kusikilizia mapigo ya moyo. Akajipaka yale mafuta yake ya baridi, akakiweka tumboni, kikasema du, du, du. "Unaona, bibi? Yuko salama. Hata mume wangu ameniambia nikisikia hivi nisihangaike."

Mimi na kidude hicho hatujawahi kuaminiana. Nikamwambia, lete hapa. Nikapandisha gauni, nikajipaka, nikakipitisha-pitisha tumboni kwangu mimi, kizee, ambaye wa mwisho kumzaa ni shangazi yako. Kikasema du, du, du. Nikamwambia, "Haya, nipe hongera. Tutajifungua pamoja."

Alicheka. Kisha kicheko kikakatika katikati, akashika tumbo kwa mikono yote. "Bibi, kwani mimi nilikuwa nasikia nini?"

Nilimwambia avae viatu. Akataka kwanza amalizie sare za mteja. Nikamuuliza kama sare zina roho. Jirani yetu seremala akatoa gari lake, mbao zikiwa bado nyuma, tukaenda.

Mkunga tuliyempata ni msichana mdogo, nikamtilia shaka na yeye. Lakini hakutuuliza mbona tumekuja kwa jambo dogo. Alimfunga mkeo mikanda tumboni, mashine ikawa inachora mistari, akapelekwa na kwenye kipimo cha picha. Muda wote huo mkeo amekishika kidole changu kama anataka kukivunja, na mimi nautazama uso wa yule msichana, natafuta kama anatuficha. Mwisho akasema moyo wa mtoto unakwenda vizuri. Walimlaza mpaka kesho yake ili wamwangalie, na huko huko mtoto akaanza tena ukorofi.

Nikambana yule mkunga kwa maswali. Hakukwepa hata moja. Mtoto haachi kucheza kwa sababu nafasi imekwisha. Anacheza mpaka siku ya uchungu, na uchungu ukianza anacheza bado. Akipunguza, au akibadilisha mazoea yake, mama asingoje kesho, wala asinywe kitu kitamu akae aone. Aende siku ile ile. Na kidude? Kinaweza kushika damu ya mama mwenyewe ikipita, na asiyesomea hajui anasikia nini. Hata kikiupata moyo wa mtoto, unaweza kuwa unapiga na mtoto yuko taabani. Akamwambia mkeo, "Ikitokea tena, rudi. Hata kama ulikuja jana. Hakuna atakayekununia hapa."

Tukarudi tukicheka. Juzi jioni ukapiga simu. Nilikuwa nafagia karibu na pazia la chumba chenu, na pale hapakuwa na taka. Nikamsikia, "Sawa, mume wangu. Sitawasumbua tena. Nitapima hapa hapa."

Tangu hapo sina raha. Jana kutwa amegombana na mtoto kama zamani, na sasa hivi namsikia anamwita mkorofi. Lakini namshuku. Nashuku kwamba siku mtoto akinyamaza tena, na mama yake atanyamaza, ili wewe usimwone mwoga.

Na wewe nakushuku. Fundi umeme, kila chenye betri unakiamini kuliko mwenye tumbo lake. Ila nadhani hilo ni nusu tu. Nadhani unaogopa. Uko mbali, huwezi kuliweka sikio tumboni kwa mkeo, basi ukisikia du, du kwenye simu unapata usingizi. Nakuelewa, mume wangu. Lakini usingizi wako haumpimi mtoto.

Kidude nimekichukua. Usiulize kilipo. Mke mwenzangu amekitafuta kabati zima, na mimi nilimsaidia kutafuta.

Msalimie shangazi yako, mwambie ukimya wake nao naushuku. Msalimie na mjomba wako Kipara. Mungu akushike huko juu ya ngazi na akushushe mzima, na huyu wetu amtoe akilia mpaka mtaa mzima ulalamike.

Wako akupendaye, hata akikugombeza,
Bibi, mke mkubwa.

Umemaliza kusoma? Usiikunje bado. Shika simu, mpigie mkeo sasa hivi. Habari ya kidude usimuulize. Mwambie kwa mdomo wako mwenyewe: mtoto akibadilika, acha cherehani, nenda hospitali, hata kama ulikwenda jana. Kisha mwambie ayarudie maneno hayo kwa sauti, maana nitakuwa nafagia pale pale kwenye pazia.